Filamu ikichelewa kulipa, wakopeshaji ni mafundi na mama lishe

WAHENGA walisema ahadi ni deni. Katika ukanda wa pwani unaoanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, na kuendelea kaskazini kuelekea Saadani na Pangani, ahadi imekuwa njia ya kawaida ya kuendesha biashara ya filamu na tamthilia. Wapiga picha, watu wa taa na sauti, wapambaji, madereva na wabeba vifaa hufanya kazi leo kwa makubaliano ya kulipwa filamu ikishauzwa. Ikishauzwa, huambiwa wasubiri mnunuzi alipe. Mnunuzi akilipa, huambiwa fedha imekwenda kwenye deni la filamu iliyotangulia.

Jambo hili likitajwa, wengi hudhani ni la wasanii na kurasa za burudani. Lakini kikundi cha watu 20 kinapoweka kambi mahali kwa siku 10, kinakula, kinalala, kinapanda bodaboda, kinakodi mtumbwi na kuomba nyumba au shamba la mtu kwa ajili ya kupiga picha. Fundi wa filamu asipolipwa, mara nyingi mama lishe naye hajalipwa, na muuza samaki aliyempa mama lishe samaki kwa mkopo anasubiri vilevile.

Swali la kujiuliza ni hili: nani hasa anagharamia filamu hizi? Ukiifuata fedha hatua kwa hatua, utaona kwamba sehemu kubwa ya mtaji hutoka kwa watu wasiojua kwamba wamekopesha.

Bagamoyo na kazi ya kamera

Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Ina mji mkongwe, magofu ya Kaole, ufukwe, majahazi na mashamba, vyote ndani ya mwendo mfupi. Mtayarishaji anayetoka Dar es Salaam anaweza kupata mandhari ya karne ya 19 asubuhi na ya kijiji cha wavuvi mchana, bila kulipia safari ndefu.

Zaidi ya hayo, mji huu una watu wenye ujuzi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikageuzwa kuwa wakala wa Serikali, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kwa miaka mingi vijana wamejifunza hapo ngoma, maigizo, muziki na ufundi wa jukwaani, na baadhi yao wameingia katika kazi za filamu.

Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, iliegemeza hadithi yake Bagamoyo na Dar es Salaam. Kaskazini zaidi, huko Pangani, shirika la UZIKWASA lilitoa filamu ya Aisha mwaka 2015. Kazi za aina hiyo zina sifa moja ya kuzingatiwa: hulenga kuelimisha jamii na hutegemea wafadhili, hivyo bajeti huwa imepitishwa kabla kamera haijawashwa. Kazi nyingi za biashara hazina bahati hiyo. Huanza na fedha ya mafuta ya gari na chakula cha siku mbili tatu, na zilizobaki hutafutwa njiani.

Fedha inapita wapi

Ili kuelewa ucheleweshaji, ni lazima kutazama soko lilivyobadilika. Filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson mwaka 2003, inatajwa miongoni mwa kazi zilizofungua mlango wa filamu za video za Kiswahili nchini. Baada yake ilifuata miaka ya kanda na diski. Mtayarishaji alipeleka kazi yake kwa msambazaji, ambaye mara nyingi aliinunua moja kwa moja pamoja na haki zake kwa malipo ya mkupuo, na wakati mwingine alitanguliza fedha za kuanzia.

Mfumo ule ulikuwa na dhuluma zake. Msanii aliuza haki zote kwa bei ndogo, na filamu ikivuma hakupata nyongeza. Hata hivyo, fedha ilikuwa karibu. Msambazaji alikuwa na duka mtaani, na mtayarishaji alirudi kutoka mjini na fedha mkononi.

Soko la diski liliporomoka katika miaka ya 2010 kutokana na nakala za wizi na baadaye intaneti ya simu. Leo kazi nyingi hupitia njia mbili. Ya kwanza ni vituo vya televisheni, hasa vya kulipia, vinavyonunua au kuagiza tamthilia. Kwa kawaida mnunuzi wa namna hii hulipa kwa awamu: vipindi vipokelewe, vikaguliwe ubora, ankara ipitishwe, ndipo malipo yatoke. Kila hatua ina siku zake, na kipindi kikirudishwa kwa sababu sauti ni mbovu, saa huanza upya.

Njia ya pili ni YouTube. Mapato ya matangazo ya mwezi mmoja hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na hayalipwi mpaka yafike dola 100 za Marekani. Tuchukulie kipindi kilichopigwa picha mwanzoni mwa Januari, kikahaririwa Februari na kurushwa Machi 1. Mapato yake ya mwezi wa kwanza hayawezi kuingia kabla ya Aprili 21. Aliyebeba taa Januari amesubiri zaidi ya siku 100 hata kama kila mtu katika mnyororo ni mwaminifu. Asipokuwepo mwaminifu mmoja, siku hizo hazihesabiki.

Kwa hiyo, si kila kuchelewa kunatokana na utapeli. Tatizo ni kwamba pengo kati ya siku ya kazi na siku ya mapato lipo katika muundo wa biashara yenyewe, na lazima mtu alizibe. Mwenye uwezo wa kulizipa ni mtayarishaji kwa mtaji wake, benki kwa mkopo, au mnunuzi kwa kutanguliza fedha. Hao watatu wakikwepa, pengo huzibwa na fundi na mama lishe kwa kutolipwa.

Hesabu ya anayesubiri

Tuchukue mfano wa tarakimu za kufikirika ili tuone uzito wake. Kikundi cha mafundi 20 wanaokubaliana sh 30,000 kwa siku, kwa siku 10, kinadai jumla ya sh milioni 6. Wakilipwa baada ya miezi minne, wamempa mtayarishaji mkopo wa sh milioni 6 kwa miezi minne bila riba, bila dhamana na bila maandishi. Hakuna benki ambayo ingemkopesha kwa masharti hayo.

Sasa mtazame fundi mmoja kati yao. Anadai sh 300,000. Nyumbani kodi imefika na mtoto anatakiwa shule, hivyo anakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale wa "kausha damu", na kuchukua sh 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni sh 40,000. Kwa miezi minne ni sh 160,000. Siku anapolipwa zile sh 300,000 zake, anadaiwa sh 360,000. Amefanya kazi siku 10 juani na bado ana upungufu wa sh 60,000.

Fedha aliyolipwa ni kamili kama walivyokubaliana, na mtayarishaji anaweza kuapa kwamba hakumdhulumu mtu. Lakini kwa fundi, mshahara uliochelewa miezi minne si mshahara uleule.

Mama lishe yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu yeye hakutoa nguvu peke yake. Ametoa mchele, mafuta, mkaa na samaki alivyonunua kwa fedha taslimu. Akilisha watu 20 kwa sh 3,000 kila mmoja, mlo mmoja kwa siku kwa siku 10, anadai sh 600,000. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni mtaji wake wa kesho. Ikikaa miezi miwili mikononi mwa mtu mwingine, meza yake inafungwa.

Somo kutoka kwenye korosho

Mkulima anayesoma haya hahitaji kufundishwa maana ya kusubiri. Katika msimu wa korosho wa 2018/19, bei za wanunuzi zilipokataliwa, Serikali iliamua mwezi Novemba 2018 kununua korosho yenyewe kwa sh 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei ilikuwa nzuri. Hata hivyo, uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na malipo ya wengi yalivuka mwaka na kuingia miezi kadhaa ya 2019. Wengi walijifunza wakati ule kwamba bei nzuri isiyo na tarehe haimsaidii mkulima kununua salfa.

Lakini korosho ina kinga moja ambayo filamu haina. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mazao hukaa ghalani na mkulima hubaki na karatasi ya kuthibitisha kwamba ni yake. Mnunuzi haondoki na mzigo kabla ya kulipia.

Fundi wa filamu hana gunia la kuzuia. Siku yake ya kazi ikipita imepita. Mwanga alioushika jana hauwezi kurudishwa. Kitu pekee kinachofanana na gunia ni filamu iliyokamilika, na hiyo hukaa kwa mtayarishaji. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wakichoshwa na ahadi hufikiria kuondoka na kadi za kamera au vifaa. Hilo ni kosa. Anayechukua mali isiyo yake hugeuka kutoka mdai na kuwa mtuhumiwa, na kesi ya malipo hupotea ndani ya kesi ya wizi. Kinga ya fundi inapaswa kuwa kwenye maandishi kabla ya kazi kuanza.

Sheria inasemaje

Watu wengi wa kazi hizi huamini kwamba kwa kuwa hawana ajira ya kudumu, sheria haiwahusu. Hiyo si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, yaani kazi yenye mwanzo na mwisho. Tamthilia ya vipindi 13 inaweza kuingia humo.

Kifungu cha 27 kinataka ujira ulipwe siku ya malipo iliyokubaliwa. Kinasema pia kwamba ujira hustahili kulipwa mwisho wa kipindi cha mkataba, na kwamba mwajiri anaweza kutoa malipo ya awali siku watakayokubaliana. Kama hawakukubaliana siku, yatolewe angalau mara moja mkataba unapofika nusu. Malipo hayo si mkopo na hayatozwi riba. Ni mafundi wachache wanaolifahamu jambo hili, na ni watayarishaji wachache zaidi wanaolitaja.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Hapa lipo tundu moja: kifungu hicho hakimhusu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Wabeba vifaa na waigizaji wa kundi wanaochukuliwa siku mbili tatu huangukia humo, na hivyo wao ndio wanaohitaji zaidi kujiandikia wenyewe.

Mtayarishaji anaweza kudai kwamba aliyemfanyia kazi ni mkandarasi huru tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo vya kumchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa na kupewa vifaa na mwajiri. Mtu wa taa anayeambiwa afike saa 11 alfajiri na kutumia taa za kampuni ana hoja ya kusimamia.

Mdai wa ujira hupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine, ukiwamo wa malipo, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Aliyechelewa lazima aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. Hapo ndipo wengi huanguka. Neno "subiri kidogo" likirudiwa kwa miezi mitatu, mtayarishaji hakukataa kulipa, lakini mdai anaweza kukuta muda wake umepita.

Ni vizuri pia kujua kwamba mgogoro husikilizwa na ofisi inayohusika na eneo ulikozuka. Kazi iliyofanyika Bagamoyo ni ya mkoa wa Pwani hata kama ofisi ya mtayarishaji iko Dar es Salaam.

Mama lishe, mwenye nyumba ya wageni na mwenye mtumbwi wao si waajiriwa, hivyo mlango wao ni mahakama, kuanzia mahakama ya mwanzo. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini lazima yathibitishwe. Ndipo tunapokumbuka maneno yaliyozoeleka madukani kwetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nchi nyingine

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Afrika Kusini ina tasnia kubwa ya filamu na mpango wa Serikali wa kuwarejeshea watayarishaji sehemu ya gharama zao. Marejesho yalipochelewa, mnyororo mzima uliyumba, na Januari 2025 watayarishaji na mafundi waliandamana kudai fedha hizo. Fundi wa Cape Town alikosa malipo kwa sababu ya karatasi zilizokwama katika wizara.

Marekani walishughulikia tatizo hili kwa njia nyingine. Vyama vya waigizaji na mafundi vinaweza kumtaka mtayarishaji asiye na rekodi aweke amana kabla ya kuanza kupiga picha. Asipolipa ujira, chama hulipa kutoka kwenye amana hiyo. Wazo hilo halihitaji utajiri wa Marekani. Kinachohitajika ni chama ambacho wanachama wake hawawezi kuzungukwa kwa kuajiri watu wa nje kwa bei ya chini.

Hoja ya watayarishaji

Haki inatutaka tuwasikilize na wao. Watayarishaji wengi si matajiri. Wapo wanaouza kiwanja ili wamalize filamu, na wapo wanaodai vilevile. Ukiwaambia wawe na fedha yote mkononi kabla ya kuanza, nusu ya kazi hazitafanyika na mafundi hao hao watakaa bila kazi.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kugawana hatari ya biashara si dhambi; wavuvi wa pwani hii wanaijua vizuri. Katika chombo cha uvuvi, mwenye chombo na mabaharia hugawana kilichopatikana, na siku ya kukosa wote hukosa. Lakini siku ya kupata, baharia ana fungu lake. Kama mtayarishaji anataka fundi asubiri soko, basi fundi aambiwe mapema, akubali kwa hiari, na kazi ikiuzwa apate zaidi ya ujira wa kawaida. Kinachofanyika sasa ni kwamba hasara hugawanywa kwa wote, na faida hubaki kwa mmoja.

Nini kifanyike

Bodi ya Filamu, inayosimamia tasnia hii chini ya sheria ya mwaka 1976 na marekebisho yake, ndiyo inayotoa vibali vya kupiga picha. Ingeweza kumtaka mwombaji aambatanishe orodha ya mafundi na ratiba ya malipo yao. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo kwa wadau wa tasnia hii, nao ungeweza kuweka sharti kwamba sehemu ya mkopo iende moja kwa moja kwenye ujira. Shirikisho la Filamu Tanzania (TAFF) lingeweza kuandaa mkataba mmoja wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ili fundi asiombwe asaini asichokielewa.

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo ambayo mtu mdogo anaweza kuyafanya mwenyewe. La kwanza, uliza nani analipa na lini, na usikubali jibu la "ikishauzwa". Taka tarehe ya kalenda. La pili, gawa malipo mafungu matatu: kabla ya kuanza, katikati, na siku ya mwisho kabla kambi haijavunjwa. La tatu, kila jioni andika siku, kazi na kiasi, kisha mtumie msimamizi kwa ujumbe wa simu na kumwomba athibitishe. Jibu la "sawa" lililotoka kwenye namba yake ni ushahidi.

Kwa mama lishe na mwenye nyumba ya wageni, siku ya kwanza na ya pili zilipwe taslimu kabla ya ya tatu kupikwa au kulaliwa. Usiruhusu deni lizidi mtaji wa siku mbili, hata mgeni awe na sura unayoiona kila siku kwenye televisheni. Anayekodishwa shamba au nyumba achukue fedha kabla ya gari la vifaa kuingia, pamoja na amana ya uharibifu.

Ikifika siku ya malipo bila malipo, hesabu siku 60 kuanzia hapo na uzitie alama kwenye kalenda ya ukutani. Mpe mtayarishaji nafasi ya kujieleza, lakini usimpe siku zote 60.

Pwani yetu inahitaji filamu hizi. Zinaleta wageni, zinawapa kazi vijana waliosomea sanaa, na zinaingiza fedha katika mji ambao hauna viwanda vingi. Lakini biashara inayosimama kwa mikopo ya watu wasiojua kuwa wamekopesha haiwezi kukua, kwa sababu kila filamu inaacha nyuma yake mafundi wenye madeni na majiko yaliyozimwa. Dawa ya deni ni kulipa, na mahali pa kupanga malipo hayo ni mezani, kabla kamera haijawashwa.